Madokezo ya pamoja yasiposaidia: utatuzi wa matatizo kwa timu zenye miradi mingi ya programu

Timu inayoendesha miradi kadhaa ya programu kwa wakati mmoja hujifunza jambo lilelile mara nyingi, na kila mara hulilipia upya kwa muda na kwa subira ya mteja. Ndiyo sababu timu nyingi zimeanzisha repo (hifadhi ya mafaili) moja ya madokezo, kwa kawaida mafaili ya Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio, yanayotunzwa katika Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, ili funzo lililopatikana katika mradi mmoja liusaidie mradi unaofuata. Utaratibu huo ni mzuri na unastahili kutetewa, lakini malalamiko juu yake yanafanana mno kutoka timu moja hadi nyingine, na mengi yana tiba.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chagua dalili inayofanana na yako, kisha fuata vyanzo kwa mpangilio wake, maana kila sehemu inaanza na chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi. Usibadilishe zana wala kupanga upya folda kabla ya kumaliza ukaguzi mwepesi, kwa sababu madokezo yasiyosomeka yakihamishiwa kwenye zana mpya hubaki kuwa hayasomeki. Ikiwa umekuta nywila, ufunguo wa siri au taarifa za wateja ndani ya madokezo, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

## Dalili: kosa lilelile linarudi ingawa dokezo lake lipo

Hili ndilo lalamiko linalosikika kuliko yote. Msanidi wa mradi wa pili anahangaika na hitilafu mchana kutwa, anaitatua, kisha mwenzake anamwambia kwamba suala hilo liliandikwa kitambo.

Chanzo kikubwa ni kwamba dokezo limeandikwa kwa maneno ya mtu aliyekwisha kulielewa tatizo, ilhali anayelitafuta ni mtu aliyekwama. Mwandishi anakijua chanzo, kwa hiyo anakiweka kwenye kichwa cha dokezo. Msomaji anaijua dalili tu, na ndiyo anayoiandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukaguzi wake ni mwepesi: chukua ujumbe wa kosa kama ulivyotokea kwenye skrini, neno kwa neno, kisha utafute ndani ya repo ya madokezo.

`git grep -i -n "Invalid PhoneNumber"`

Ikiwa dokezo unajua lipo na amri hiyo hairudishi kitu, umekwisha kupata chanzo.

Tuuchukue mfano huo kwa ukaribu. Daraja, ambacho ni kiolesura cha Safaricom cha kuunganisha mifumo na M-Pesa nchini Kenya, hutaka namba ya simu ipelekwe ikiwa na tarakimu 12 zinazoanza na 254, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Mteja akijaza 07XXXXXXXX, na mfumo ukaipeleka hivyo hivyo, ombi hukataliwa. Timu inayoandika funzo hili kwa kichwa cha "Usanifishaji wa namba za simu kabla ya kuwasilisha malipo" imesema kweli, lakini hakuna aliyekwama saa tano usiku atakayetafuta neno "usanifishaji". Dokezo lilelile likiandikwa upya linakuwa hivi:

> Malipo ya M-Pesa Kenya yanakataliwa: `Bad Request - Invalid PhoneNumber`
> Dalili: STK (ombi la kuweka PIN) haitokei kwenye simu ya mteja, seva inapokea jibu lenye ujumbe ulio hapo juu.
> Chanzo: namba imepelekwa ikiwa na 0 au + mwanzoni, au ina nafasi katikati.
> Tiba: ondoa nafasi na alama, badilisha 0 ya mwanzo iwe 254, kisha hakikisha tarakimu ni 12.
> Mipaka: Daraja, Kenya pekee.
> Limehakikiwa: mwezi na mwaka wa mara ya mwisho mtu alipolijaribu.

Kuna mambo mawili ya kuangalia katika dokezo hilo. Ujumbe wa kosa umeachwa katika Kiingereza chake kwa sababu ndivyo utakavyonakiliwa na mtu anayetafuta, ukiutafsiri, umeuficha. Maelezo yanayobaki yameandikwa kwa lugha ambayo timu huizungumza, yakiwemo maneno kama "STK haitokei", kwa kuwa watu husema hivyo wanapoulizana. Timu inayojadiliana kwa Kiswahili mchana kutwa na kuandika madokezo yake kwa Kiingereza cha taabu hupoteza nusu ya maana njiani, na nashauri iache mazoea hayo.

Chanzo cha pili ni umbali. Dokezo liko katika repo ambayo msanidi haifungui isipokuwa amekumbushwa. Muulize mtu aliyejiunga na timu karibuni akuonyeshe yanapokaa madokezo. Akisita, tatizo ni hilo. Tiba ni kulileta dokezo pale kazi inapofanyika: weka kiungo chake katika maelezo mafupi juu ya kitendaji (kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja) kinachohusika, katika README, faili la utambulisho la kila mradi, na ikiwezekana katika ujumbe wa kosa ambao mfumo wenu wenyewe unauandika kwenye kumbukumbu za seva (log). Njia hii ya mwisho ndiyo ninayoipendelea, maana aliyekwama anasoma kumbukumbu hizo tayari.

Chanzo cha tatu ni urefu. Dokezo linaloanza na historia ya mradi kabla ya kutaja dalili halimaliziki. Dalili na tiba zikae juu, na historia ishuke chini.

Chanzo cha nne hutokea kwa nadra, lakini kikitokea hakuna uandishi utakaokiondoa: funzo lenyewe halikupaswa kubaki dokezo. Ikiwa watu wamelisoma, wamelielewa, na kosa bado linarudi, lihamishie kwenye msimbo. Tengenezeni kitendaji kimoja cha pamoja kinachopokea namba kwa umbo lolote na kuitoa ikiwa sahihi, pamoja na majaribio ya kiotomatiki yanayoizuia programu kupelekwa kwenye seva namba inapoharibika. Dokezo lipungue na kuwa mstari mmoja unaoelekeza huko.

## Dalili: ukilifuata dokezo, hali inazidi kuwa mbaya

Chunguza umri kwanza. Amri ifuatayo inaonyesha tarehe ya badiliko la mwisho la faili:

`git log -1 --date=short --format=%ad -- malipo/namba-za-simu.md`

Tarehe hiyo haithibitishi kwamba dokezo ni sahihi, maana mtu anaweza kuwa alirekebisha herufi tu. Ndiyo sababu mstari wa "Limehakikiwa" unahitajika. Mfano wa kuzeeka uko katika suala lilelile la namba. Kwa miaka mingi namba za simu za mkononi nchini Kenya zilianza na 07, na madokezo mengi yaliagiza mfumo ukubali namba zinazoanza na 2547 pekee. Zilipotolewa namba zinazoanza na 01, sharti hilo liligeuka kuwa kizuizi kwa wateja halali, na wasanidi waliolifuata kwa uaminifu ndio walioingiza hitilafu mpya.

Ikiwa dokezo ni jipya, angalia mipaka yake. Dokezo linalosema "M-Pesa inataka 254" ni la kweli Nairobi na ni la kupotosha Dar es Salaam, ambako M-Pesa huendeshwa na Vodacom, kiolesura chake ni kingine, na namba huanza na 255. Mwandishi hakuona haja ya kutaja nchi kwa kuwa mradi wake ulikuwa wa nchi moja. Kila dokezo la pamoja linapaswa kutaja mfumo, nchi ikiwa inahusika, na toleo la programu ambamo funzo lilionekana. Dokezo lisilo na mipaka lichukuliwe kuwa halijahakikiwa.

Chanzo cha tatu ni dhana iliyoandikwa kana kwamba ni ukweli. Timu inaona kosa la `Incorrect string value` katika MySQL, programu ya hifadhidata, mteja anapoweka emoji kwenye jina lake, inaondoa emoji, kosa linapotea, na dokezo linaandikwa: "MySQL haikubali emoji, ziondoeni kwenye majina." Kilichoonekana ni kweli, maelezo yake si kweli. Seti ya herufi ambayo MySQL imeiita `utf8` kwa miaka mingi hutunza hadi baiti 3 tu kwa herufi, na emoji huhitaji 4. Tiba ni `utf8mb4`, iliyopatikana tangu toleo la 5.5.3 la mwaka 2010. Tenganisheni ndani ya dokezo mambo mliyoyaona na mambo mnayoyadhani, hata kama dhana inaonekana dhahiri, ili anayekuja baadaye ajue ni wapi pa kutilia shaka.

Simama hapa: ikiwa tiba iliyoandikwa inagusa muundo wa hifadhidata yenye data halisi, usiitekeleze kwa kufuata dokezo peke yake. Kubadilisha seti ya herufi ya jedwali kubwa kunaweza kulifunga jedwali hilo huku wateja wakisubiri. Mwite msimamizi wa hifadhidata, na uhakikishe ipo nakala rudufu ambayo imewahi kurejeshwa na ikafanya kazi.

## Dalili: madokezo mawili yanapingana

Usikimbilie kufuta mojawapo. Mara nyingi yote mawili ni ya kweli, ila kila moja limeandikwa bila mipaka. Shilingi ya Uganda ni mfano mzuri: katika kiwango cha kimataifa cha ISO 4217 haina sehemu ndogo za desimali, sawa na faranga ya Rwanda na ya Burundi, wakati shilingi ya Kenya na ya Tanzania zimewekewa desimali 2. Kwa hiyo dokezo linalosema "usizidishe shilingi ya Uganda kwa 100" lina msingi imara. Hata hivyo wapo watoa huduma za malipo ambao, ili kutovunja miunganisho ya zamani, wanataka kiasi cha sarafu hiyo kiendelee kupelekwa kikiwa kimezidishwa kwa 100, na dokezo linalosema hivyo nalo ni sahihi kwa mtoa huduma huyo.

Yaunganishe yawe dokezo moja lenye kanuni ya jumla juu na hali za pekee chini yake, kila hali ikiwa na kiungo cha waraka rasmi unaoithibitisha. Endapo tofauti inahusu fedha na huwezi kuithibitisha kwa muamala mdogo katika mazingira ya majaribio, muulize mtoa huduma kwa maandishi kabla mfumo haujaanza kutumika, kwa sababu kosa la mara 100 kwenye malipo ya watu halirekebishwi kwa maneno ya pole.

## Dalili: hakuna anayeandika

Viongozi wengi hudhani chanzo ni uvivu. Kinachoonekana zaidi ni kwamba fomu ya dokezo ni nzito: ina sehemu kumi, inahitaji kibali cha watu wawili, na inatakiwa kujazwa wakati mtu amechoka baada ya kutatua tatizo lenyewe. Punguzeni hadi mambo matatu ya lazima, yaani dalili, tiba na mipaka, na mkubali dokezo la mistari mitano. Marekebisho ya lugha yafanywe baadaye na mtu mwingine.

Wakati nao una uzito wake. Funzo huandikika vizuri tatizo likiwa bado bichi, kwa hiyo mahali pa kuliombea ni kwenye mapitio ya msimbo unaoondoa hitilafu, swali moja kwenye kiolezo cha mapitio, "Je, mradi mwingine unaweza kukutwa na hili?", linatosha.

Chanzo cha tatu kinahitaji ujasiri wa uongozi kukikiri, nacho ni hofu. Pale ambapo dokezo hutumika kama ushahidi dhidi ya mtu aliyekosea, watu hunyamaza, na wako sahihi kujilinda. Dokezo la pamoja lieleze mfumo ulivyoruhusu kosa kutokea, wala lisitaje jina la mtu. Ikiwa kuna dokezo lililowahi kusomwa kwenye kikao cha nidhamu, hakuna kiolezo kitakachorudisha imani. Suala hilo ni la wasimamizi na idara ya rasilimali watu, na mhandisi asibebeshwe mzigo wa kulitatua peke yake.

## Dalili: kila mradi unaonyesha toleo tofauti la dokezo

Kwa kawaida mtu alinakili folda ya madokezo ndani ya mradi wake, na nakala ikaanza maisha yake. Tafuta jina la faili katika repo zote. Ukilikuta zaidi ya mara moja, chagueni lipi ni asili na nyingine zibadilishwe kuwa viungo.

Ikiwa mnatumia `submodule` ya Git, yaani repo iliyowekwa ndani ya repo nyingine, kumbukeni kwamba mradi hushikilia hali moja maalumu ya repo ya madokezo na hausogei wenyewe. Amri ya `git submodule update --remote` huleta hali mpya, lakini badiliko hilo lazima liingizwe na kusukumwa katika mradi kama badiliko jingine lolote; bila hivyo wenzako watabaki na toleo la zamani.

Kwa timu zinazotumia viungo vya mfumo wa faili, yaani `symlink`, ukaguzi ni huu: fungua faili kwenye kompyuta ya Windows. Ukikuta ndani yake mstari mmoja tu wenye njia ya faili jingine, Git imekitoa kiungo kama maandishi ya kawaida kwa sababu mpangilio wake wa `core.symlinks` umezimwa. Waweza kuuwasha, lakini kwa timu yenye kompyuta mchanganyiko ningeacha viungo hivyo kabisa.

## Dalili: msaidizi wa akili mnemba hayafuati madokezo

Siku hizi madokezo husomwa pia na programu zinazosaidia kuandika msimbo, nyingi zikisoma faili la maagizo kama `AGENTS.md` kwenye mzizi wa mradi, yaani folda yake ya juu kabisa. Programu ikiendelea kukosea, hakikisha kwanza kwamba faili limesomwa: iombe ikunukulie sharti moja mahususi kutoka ndani yake. Ikishindwa, jina au mahali pa faili ndipo penye kasoro, au folda iliyofunguliwa si mzizi wa mradi.

Ikinukuu sawasawa lakini isifuate, tatizo huwa ni wingi au mgongano. Kuiwekea mafaili yote ya madokezo kwa mpigo humeza nafasi yake ya kumbukumbu na kuyafanya masharti muhimu yapotee katikati ya yasiyohusika. Weka faili fupi lenye orodha ya dalili na njia za mafaili, programu ifungue lile linalohitajika tu. Sharti lisiloruhusiwa kuvunjwa hata mara moja liwekwe kwenye jaribio la kiotomatiki, kwa kuwa maelezo yaliyoandikwa hayamfungi msomaji, awe mtu au mashine.

Liko pia la tahadhari. Dokezo lililonakiliwa kutoka nje linaweza kubeba maagizo ambayo programu itayatii, kwa mfano kupakua kitu au kutuma faili mahali fulani. Repo ya madokezo ipitiwe kwa uangalifu uleule wa msimbo, na ukikuta agizo usilolitambua asili yake, sitisha matumizi ya msaidizi huyo katika miradi yote inayosoma repo hiyo, kisha mwite mtaalamu wa usalama wa mifumo.

## Dalili: kuna siri au taarifa za watu ndani ya madokezo

Karibu kila mara chanzo ni kumbukumbu za seva zilizobandikwa zima zima kama ushahidi wa dalili. Ndani yake huwa mna tokeni (msimbo wa siri wa kuingilia mfumo), nywila ya hifadhidata, au majina na namba za wateja. Kwa nadra zaidi, mtu aliandika nywila kwa makusudi ili "isisahaulike".

Hatua ya kwanza ni kubatilisha ufunguo au nywila hiyo na kutoa mpya, hata kama repo ni ya ndani ya kampuni. Kulifuta faili hakutoshi, kwa sababu Git hutunza historia, na mtu yeyote mwenye nakala anaweza kurudi nyuma na kulisoma. Baada ya kubatilisha ndipo muangalie kumbukumbu za matumizi ili mjue kama ufunguo ulitumiwa na mtu msiyemfahamu.

Kusafisha historia kunafanywa kwa zana kama `git filter-repo`. Zana hiyo huandika upya historia, vitambulisho vya mabadiliko yaliyofuata hubadilika, na kila mwenye nakala ya zamani lazima aiache na kuchukua mpya, vinginevyo akisukuma ya kwake ataurudisha uchafu uleule. Asiyewahi kuitumia asijifunzie kwenye repo ya kazi. Afanye kwanza kwenye nakala ya pembeni, au aiachie timu ya miundombinu. Fahamuni pia kwamba nakala zilizochukuliwa na watu wengine hazifikiwi na usafishaji huo.

Simama na uwaite wataalamu endapo kilichoonekana ni taarifa binafsi za wateja na inawezekana mtu asiyeruhusiwa amezifikia. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka mdhibiti wa data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipofahamu uvujaji wenye hatari halisi ya madhara, na kampuni inayochakata data kwa niaba ya mteja hutakiwa kumjulisha mteja huyo ndani ya saa 48 inapowezekana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume inayoisimamia. Mhandisi asiamue peke yake kama uvujaji ni mdogo au mkubwa: aandike alichokiona na saa aliyokiona, asifute ushahidi, na amkabidhi afisa wa ulinzi wa data au mwanasheria siku hiyohiyo.

Mwanasheria huyo aulizwe pia kuhusu madokezo yaliyotoka katika miradi ya wateja. Mikataba mingi ina kifungu cha usiri, na funzo linalotaja mfumo wa ndani wa mteja mmoja haliwezi kuhamishiwa kwa mwingine kwa sababu tu lina faida. Hadi jibu litakapopatikana, ondoeni jina la mteja, anwani za seva na mifano iliyotoka kwenye data yake, mbaki na dalili, chanzo na tiba.